Sampuli Saba za Mzee Mwishehe

Baba yangu alipofariki, Jumatatu alfajiri, tulipata shida ya mtani. Sanda ilikuwepo, ubani ulikuwepo, na wachimba kaburi walishaanza kazi nyuma ya mikorosho kabla jua halijapanda. Mtani ndiye hakuwepo. Na baba, Mwishehe mchoma mkaa wa Kibuta, ndiye aliyekuwa mtani mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao upande ule wa Kisarawe. Misiba ya watu aliivuruga miaka arobaini. Alivaa kanzu za marehemu akaigiza walivyokuwa wakitembea, mpaka wajane wakacheka na kusahau walikuwa wanalilia nini. Alilala ndani ya makaburi ya watu akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Kumzika mtu wa namna hiyo kimyakimya ni kumdhulumu, na mimi, Faudhia, binti yake wa pekee, sikuwa tayari kumdhulumu.

Asiyejua aelewe. Mtani msibani si mchekeshaji wa kualikwa. Ana haki yake. Anamsema marehemu maneno ambayo mtoto wa kumzaa hawezi kuyasema, na hakasirikiwi. Akiingia kaburini hatolewi kwa nguvu, na akitaja anachotaka ndipo ashuke marehemu apande yeye, lazima apewe. Sisi Wazaramo tuna watani wa koo na watani wa makabila, na baba alijihesabu mtani wa kila aliyepumua. Ubaya wake ni kwamba watani wenzake alishawazika yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na watoto wao siku hizi wanatuma rambirambi kwa simu. Baba mdogo Maulidi aliniambia niache mambo ya zamani. Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa nilivyomjibu.

Sasa niseme kazi yangu, maana bila kazi yangu hakuna kisa. Nimeajiriwa Kibaha, mtaa wa Sofu, kwenye nyumba iliyo kati ya duka la vipuri vya pikipiki na saluni. Ndani mna maabara. Niliingia kama mfagizi, leo mkataba wangu umeandikwa Msaidizi wa Mikunjo. Tunatengeneza betri inayokunjika, ya kuchaji na kuchaji tena, ya kushonwa kwenye nguo ya mtoto njiti ili kipimo cha joto kifanye kazi bila waya kuning'inia. Ndani ya betri kuna pande mbili zinazopokezana umeme, wataalamu wanaziita elektrodi. Zetu ni za kitambaa: unachukua bafta, unaichoma bila hewa mpaka iwe mkaa mtupu, lakini ibaki kitambaa. Kisha mimi naikunja na kuikunjua mara elfu moja, nikihesabu kwa sauti, na taa ndogo iliyounganishwa nayo haitakiwi kuzimika. Watu wa saluni walidhani ni kisomo cha kuomba mume.

Shida ilikuwa tanuri letu la umeme. Lilikuja na kitabu cha kurasa mia mbili na lilitoa vitambaa vinavyovunjika kama kaukau za viazi. Siku moja nikiwa nafagia vipande nilimwambia Daktari Evance kwamba baba yangu anachoma vitu bila hewa tangu sijazaliwa, na hajawahi kusoma kitabu cha tanuri. Wenzake walicheka. Evance hakucheka, kwa sababu Evance hakuwa anacheka. Alitoa daftari akaandika, kisha akauliza Kibuta ni kilomita ngapi.

Ndivyo baba alivyoingia kwenye mradi. Tulisokota bafta, tukaitia kwenye debe, tukaziba mfuniko kwa udongo, na baba akalifukia debe katikati ya tanuri lake dogo la mkaa. Evance alimpa fomu. Baba alitakiwa akae na tanuri usiku na mchana, alifungue asubuhi ya pili saa moja kamili, aandike saa na atie sahihi. Katika miaka mitatu tulipata sampuli kumi na moja. Nne zilivunjika mkononi. Saba zilitoka laini kiasi cha kuweza kuzifunga kiunoni, nikazikunja mara elfu, elfu mbili, na taa ikawaka. Kwa nini saba, na kwa nini si zote, hakuna aliyejua. Fomu zote kumi na moja zilisema jambo moja: tanuri limelindwa, limefunguliwa asubuhi ya pili, saa moja kamili, sahihi.

Evance alikonda kwa jambo hilo. Alipima kuni, alipima udongo, alipima maji ya kisima. Kila wiki alikuja Kibuta na daftari lake kumhoji baba, na hapo ndipo ulipo mkasa wenyewe, maana Evance ni Mnyamwezi wa Sikonge, na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani wa damu. Baba alipojua hivyo aliona Mungu kamletea zawadi. Alimwita mpagazi wake. Alimuuliza mizigo ameishusha wapi. Alimweleza mbele za watu kwamba babu yake Evance alipofika pwani mara ya kwanza na kuiona bahari, aliuliza nani kamwaga maji akaondoka bila kuyafuta. Kisha baba alinyamaza, akasubiri arudishiwe, maana utani ni kupokezana, ukibaki upande mmoja ni matusi tu. Evance akasema, "Ahsante mzee, nitalifanyia kazi," na akaandika daftarini. Miaka mitatu. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alilelewa na masista, akasomea nchi za baridi, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kumtukana mtu mzima kwa heshima. Baba aliumia. Usiku alimuuliza mama kama yule kijana anamchukia.

Turudi Jumatatu. Saa nne asubuhi pikipiki iliingia uani, Evance akashuka akiwa na koti lake jeupe la maabara, hata hakukumbuka kulivua. Wazee waliokuwa kwenye mikeka walimwangalia kwa huruma, wakadhani ni daktari aliyechelewa. Alinipa pole vizuri, akawapa pole wote mmoja mmoja kwa mikono miwili. Kisha alinivuta pembeni akaniuliza, kwa sauti ya chini na macho yakiwa chini zaidi, kuhusu tanuri.

Sikumlaumu, ingawa nilitamani. Nilijua. Sampuli nzuri ya mwisho nilikuwa nimeshaikunja mpaka ikachakaa. Sampuli ya kumi na mbili baba aliifukia Jumapili mchana, akaifunika vizuri, akala, akalala, hakuamka. Na Jumatano saa nne wakaguzi wa wafadhili walikuwa wanakuja Sofu kuamua kama mradi uendelee au ufungwe. Kwa mujibu wa fomu, tanuri lilitakiwa kufunguliwa saa moja ile ile ya asubuhi, na sasa ilikuwa saa nne. Evance alisema bosi wetu Margareth yuko njiani na gari. Alikuja kweli, ana kilemba cheusi cha msiba na makoleo mawili mapya kwenye buti.

Kabla hawajafika kwenye tanuri nilimtuma Evance anisaidie jambo jingine. Bafta ya sanda aliyonunua baba mdogo, tulipoipima, tulikuta imepungua, kwa hiyo tulikata kwenye jora la mradi lililokuwa chumbani kwa baba. Nilimwambia Evance ili aandike, kwa kuwa kila sentimita ya jora lile inaandikwa. Alitoa daftari. Aliandika tarehe, akaandika mita nne, akafika kwenye safu ya matumizi akasimama. Kalamu ilikaa pale pale muda mrefu. Mwisho alifunga daftari bila kuandika akaomba maji ya kunywa.

Hapo nikajua nimempata mtani.

Nilimwambia hivi: tanuri ni la baba, wala mimi na mama hatuna ruhusa ya kulifungua. Anayelitaka akamwombe mwenyewe. Na kwa kuwa mwenyewe hasemi, kuna njia moja tu ya kumwomba, nayo ni kushuka kaburini.

Evance aliuliza kama kuna mwongozo wa maandishi.

Nilimwambia hakuna. Ashuke, amseme baba kwa kila alichonacho, asimbakize, kisha aseme anachotaka. Akataka kujua itakuwaje akikosea. Nikamwambia hajawahi kutania hata mara moja tangu nimjue, kwa hiyo atakosea, na akosee tu. Nilikuwa nimekasirika, na niliogopa kwamba nikikaa bila kukasirika nitaanguka.

Baada ya adhuhuri kaburi lilikuwa tayari. Shehe Halidi, imamu wetu, alipoona mtu wa koti jeupe anavua viatu na kuvipanga pembeni, alielewa mara moja. Yeye utani msibani haupendi, anasema dini haina habari nao. Alinitazama, akatazama saa yake, akasema anageuka kidogo kuangalia mikorosho, na kwamba mikorosho ile anaweza kuiangalia kwa dakika kumi. Wanawake kwa kawaida hatufiki kaburini, lakini mwili ulikuwa bado ndani, na hata kama ungekuwa umetoka, siku ile ningefika.

Evance alishuka. Kichwa tu kilibaki juu. Watu walisogea ukingoni, mia moja hivi, na Margareth nyuma yao na koleo lake. Evance alikohoa.

"Marehemu," alisema, "alikuwa na mapungufu kadhaa."

Mbuzi wa jirani alilia huko.

"La kwanza, kumbukumbu zake hazikuwa kamili. La pili, mawasiliano." Akasimama hapo. Mzee mmoja alimuuliza mwenzake kama huyu ni mtu wa serikali. Niliona aibu ya kufa. Niliona hata kaburi lile limefanywa ofisi, na baba yangu anazikwa kwa taarifa ya utendaji. Nilikuwa nageuka niondoke nilipomsikia Evance anasema jina la baba, si kwa sauti ile ya taarifa.

"Mzee Mwishehe. Wewe ni mwongo." Watu waliinua vichwa. "Miaka mitatu sijalala kwa ajili yako. Nimepima udongo wako, nimepima kuni zako, nimepima mpaka mate yako ukadhani nakutibu malaria. Nikakuuliza siri ni nini ukaniambia ni kunywa togwa kabla ya kuwasha. Nikanunua togwa lita ishirini, nikaandika kwenye ripoti kimiminika cha kikaboni, na ripoti ikapita. Wazungu wanne wamesoma habari za togwa yako." Mtu mmoja alicheka kwa pua. "Nimevumilia. Umeniita mpagazi nikavumilia. Kumbe mpagazi ni kweli, nimebeba debe lako kwa pikipiki kutoka Kibuta mpaka Sofu mara kumi na moja, na wewe hata siku moja hukunyanyua, unasema mgongo. Mgongo gani? Mgongo unauma kwenye debe, kwenye ngoma hauumi? Wenzako Wazaramo wakiuza shamba wananunua ngoma, inajulikana. Wewe umezidi. Wewe shambani humu unakuja kulala, ngoma umetuachia sisi tucheze, Jumatano, mbele ya wakaguzi. Mzaramo gani anakufa siku ya kazi? Mlizoea kufa Ijumaa, mpate na pilau ya watu wengi!"

Kufikia hapo watu walikuwa wameshikana mabega. Baba mdogo Maulidi, aliyesema tuache mambo ya zamani, alikuwa amekaa chini anafuta machozi kwa kofia. Shehe Halidi alikuwa anaangalia mikorosho, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kutoka uani nilisikia sauti za wanawake, maana maneno yalifika, na katikati ya sauti hizo niliisikia ya mama. Mama alikuwa anacheka. Nilisimama ukingoni mwa kaburi la baba yangu na nilikuwa na furaha, na sioni sababu ya kuificha.

Evance mwenyewe hakucheka. Alikuwa amekasirika kikweli, jasho linamtoka. Alisema hatoki. Jogoo hataki, kanzu hataki. Anataka kujua kwa nini sampuli saba zilikuwa laini na nne zikavunjika, na asipojua, marehemu atafute shimo jingine.

Ombi la mtani halikataliwi, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Baba mdogo alipendekeza jogoo wawili. Evance alikaa chini kaburini, hata kichwa kikapotea.

Nilikimbia ndani kwa mama. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake, kitambaa cheupe kichwani, eda imeshamkalia. Nilipiga magoti nikamweleza mtani anataka nini. Mama alijifuta uso. Alitazama mlango wa chumba alimolazwa baba, kwa namna anavyotazama mke anayetaka kumsemea mumewe na mume yupo. Kisha akaniambia taratibu kwamba baba alikuwa hakai na tanuri.

Sikuelewa. Akasema: alikuwa akishalifunika, akisikia kuna msiba mahali, anaondoka. Anakaa huko mpaka tanga lianuliwe na wafiwa watawanyike, siku tatu, wakati mwingine nne. Akirudi ndipo analifungua. Na kwa kuwa aliogopa kuaibika mbele ya kijana wa watu aliyemwamini, alijaza fomu kwamba alikuwepo, saa moja kamili, asubuhi ya pili. Sahihi alizitia zote kwa pamoja, tangu siku ya kwanza.

Nilirudi kaburini na jibu hilo. Nililisema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwa kuwa aliyeaibishwa alikuwa baba na siku ya kumwaibisha baba ilikuwa ile ile. Evance alisimama. Alitoa daftari kwenye mfuko wa koti, akalipangusa mchanga, akafungua.

"Sampuli ya kwanza," alisoma. "Tarehe tisa Februari."

Mzee Zahoro, aliyekuwa ukingoni kabisa, akasema polepole kwamba tarehe tisa Februari, mwaka juzi, ndiyo walimzika mama yake. Mwishehe alikuwepo. Aliingia kaburini akadai apewe meno ya bandia ya marehemu, akakaa kwao siku tatu akila na kuwachekesha.

"Ya pili. Tarehe thelathini Machi."

Hiyo ilikuwa ya Biasha muuza vitumbua, mwanawe alijibu. Mwishehe alimpigia marehemu simu, akamuuliza vitumbua vya kesho atapika nani. Watu walianza kucheka tena, lakini sasa walicheka huku wanahesabu kwa vidole.

"Ya tatu. Hii ilivunjika. Tarehe ishirini Aprili."

Walitazamana. Walinong'onezana ukoo kwa ukoo. Hatimaye ni Shehe Halidi aliyegeuka, akaiacha mikorosho. Alisema Aprili ile hakufa mtu yeyote, si Kibuta wala vijiji vya jirani. Anakumbuka vizuri kwa sababu alimshukuru Mungu msikitini kwa sauti, na Mwishehe akanuna.

Basi wakaenda hivyo, moja baada ya moja. Evance anasoma tarehe kutoka shimoni, na wafiwa wa miaka mitatu wanajibu kutoka juu. Sampuli ya tano baba alikuwa msibani kwa Twalibu. Ya sita alikuwa kwa Hussen, alimvisha ng'ombe kofia ya marehemu. Zote saba laini zilikuwa na msiba wake na mtu wa kuushuhudia. Zote nne mbovu zilikuwa nyakati za afya njema, alipobaki nyumbani akalifungua asubuhi ya pili kama fomu ilivyotaka. Margareth, aliyekuja na makoleo, alikuwa ameyaweka chini na anaandika nyuma ya bahasha ya rambirambi.

"Ni kupoa tu," Evance alisema. Hakuwa anaongea na sisi. "Lilitakiwa lipoe lenyewe. Siku tatu, bila mtu kulishika." Akafunga daftari. "Na sisi hatuwezi. Kule Sofu tunachungulia kila baada ya saa moja."

Kisha alicheka. Miaka mitatu sijawahi kumsikia. Alicheka ameegemea ukuta wa kaburi, na mchanga ukawa unamwagika kwenye koti lake, na katikati ya kile kicheko kitu kikageuka akawa analia, analia kwa sauti kabisa, anasema mzee, mzee, mzee. Baba mdogo Maulidi alimpa mkono akampandisha juu. Shehe alisema dakika zimepita ishirini na tano, twende tukamchukue mwenye nyumba.

Tulimzika baba kabla ya alasiri, kwenye sanda ya jora la mradi, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri sikuona kama nimemdhulumu.

Ilibaki Margareth. Alisema ameelewa sayansi yake, lakini Jumatano ni Jumatano. Kama tanuri limefunikwa Jumapili, basi Jumatano asubuhi zimetimia siku tatu, kwa nini lisifunguliwe alfajiri debe likakimbizwa Kibaha. Evance alikataa. Alisema hajui kama ni siku tatu au ni tanga. Data aliyonayo ni ya tanga, na tanga linaanuliwa Jumatano jioni baada ya hitima. Akasema hatabadilisha vipimo katikati ya jaribio, na kama wakaguzi wanataka kuona elektrodi, waje msibani.

Wakaja. Wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa beji. Walifika saa sita Jumatano, wakapewa mkeka, wakapewa wali na nyama, wakapewa pole ingawa marehemu hawakumjua. Walikuwa na fomu. Moja ya maswali lilikuwa nani msimamizi wa tanuri na yuko wapi kwa sasa. Margareth alitazama kwenye mikorosho. Swali jingine liliuliza kama utafiti unahusisha kifo cha binadamu, ndiyo au hapana. Evance alisema ndiyo. Margareth alisema hapana. Walibishana kwa staha mpaka Shehe Halidi akawaomba wapunguze sauti, watu wanasoma. Yule mkaguzi wa kike mwishowe aliacha nafasi ile wazi, akaomba kuongezwa mchuzi.

Alasiri hitima ilisomwa, mikeka ikakunjwa, tanga likaanuliwa. Nilichukua koleo. Nilifukua mimi, polepole, kama baba alivyokuwa akifukua, na udongo haukuwa na joto hata kidogo. Evance alilibandua lile debe mfuniko. Aliingiza mkono akavuta, na kitambaa kikatoka cheusi, kirefu, kinateleza, kikalala juu ya mkono wake pande zote mbili. Nilikikunja hapo hapo uani. Mara mia ya kwanza wakaguzi walisimama, mara mia ya pili walikaa, mara mia ya tatu wanawake walikuwa wanahesabu na mimi kwa pamoja. Taa haikuzimika. Mkaguzi wa kiume aliandika kitu kirefu kwenye fomu, na Margareth akamkumbatia baba mdogo Maulidi ambaye hakujua afanye nini na mikono yake.

Evance hakushangilia. Nilimkuta nyuma ya jiko, karibu na dirisha la chumba cha mama, amekaa juu ya debe tupu. Nikamuuliza ana nini, mradi si umepona. Akaniambia jambo alilokuwa nalo tangu Jumatatu. Miaka mitatu yule mzee alimsubiri amrudishie neno moja, akamnyima. Na siku aliyomrudishia, alimtukana mtu aliyekufa, asiyeweza kujibu. Aliniuliza kama mimi ningekuwa yeye ningelalaje.

Nami nilikuwa nalifikiria hilo hilo, na nilikuwa nalificha.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka ndani, dirishani. Hatukujua kama anasikia.

"Mwanangu," alimwambia, "Mwishehe nimekaa naye miaka thelathini na nane. Mtani akimsema, hata awe anaumwa, hata awe analala, lazima amjibu. Hakuwahi kumnyamazia mtu. Juzi umemsema mpaka ukachoka, yeye kimya. Umemshinda."

Evance alifunika uso kwa mikono yake yenye masizi. Nami nilikaa chini pale pale kwenye majivu, siku ya tatu ya msiba, ndipo nikamlilia baba yangu.